Kamera ya Magunia Arobaini na Mawili

Mwongozo huu ni wa mpiga picha aliyekwisha fanikiwa. Kama una fremu ya biashara Kyela mjini, Ipinda au Kasumulu, na ndani yake kuna pazia la buluu, koti moja jeusi la kuazimisha wateja wa paspoti saizi, tai iliyokwisha fungwa ya kuvalia kwa mpira, na printa ya wino inayokohoa kila asubuhi kabla ya kutoa karatasi, basi wewe umefika. Katika kazi hii hakuna ngazi nyingine ya kupanda. Kilichobaki ni kufilisika, na kufilisika nako kuna namna ya aibu na namna ya heshima. Ya aibu ni pombe na mikopo ya kausha damu. Ya heshima inaitwa midiamu fomati ya kidijitali.

Kwanza ukijue unachokitamani, maana muuzaji wa Kariakoo atakupima. Ndani ya kamera ya kidijitali kuna kihisi, kile kipande kinachopokea mwanga badala ya filamu. Kwenye kamera kubwa za harusi, zile ambazo mafundi huziita fulu fremu, kihisi kina milimita 36 kwa 24. Kwenye midiamu fomati nyingi zinazouzwa leo kina milimita 44 kwa 33. Piga hesabu ya eneo, utaona hiki cha pili kinakizidi cha kwanza mara 1.7 hivi. Utajiri wote ndio huo. Kwa tofauti hiyo, ambayo biskuti moja inatosha kuifunika, watu wazima wenye akili zao huko London na Tokyo huuza magari na kurudi nyumbani kwa miguu wakitabasamu.

Bei kwa magunia

Bei nakuwekea kwa mchele, kwa sababu dola hupanda na kushuka, na hapa kwetu mchele ndio tunaoelewana nao. Tuseme dola ni shilingi 2,500, na kilo ya mchele wa Kyela, ule wenyewe unaonukia hadi nyumba ya tatu, ni shilingi 3,000. Gunia la kilo 100, bila lumbesa, linakuwa laki tatu. Sasa twende dukani. Fujifilm GFX100S II ilitoka mwaka 2024 kwa dola 4,999, yaani milioni kumi na mbili na nusu: magunia 42. Hapo umenunua bodi tupu, haina jicho. Lenzi ya milimita 110 ambayo wapiga picha za sura huililia ilizinduliwa mwaka 2017 kwa dola 2,799, magunia mengine 23. Hasselblad X2D 100C ya mwaka 2022 ilianzia dola 8,199, magunia 68, nayo bila lenzi. Na kama ukoo wenu una mashamba ng'ambo zote mbili za Mto Mbaka, ipo Phase One IQ4 ya megapikseli 150, iliyotangazwa mwaka 2018 kwa karibu dola 52,000. Magunia 433. Ukifika huko hununui kamera tena, unafunga ghala.

Ushuru wa forodha hatujaugusa, wala Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, wala nauli ya basi la Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 900 ukiwa umezikalia pesa zako na hutaki kushuka hata kwenye chipsi.

Mchele usipotosha, pesa zilizobaki utazitoa kwenye kakao. Mwaka 2024 bei ya kakao duniani ilivuka dola 10,000 kwa tani, na Kyela, ambako ndiko inakotoka kakao nyingi ya Tanzania, watu waliokuwa wakiiona mikakao ya baba zao kama kivuli cha kuanikia nguo walianza kuilinda usiku. Huo ndio mwaka uliopaswa kununua. Baadaye bei ilishuka, na mnada wa stakabadhi ghalani hausubiri ndoto ya mtu. Lakini mwongozo wa kufilisika hauwezi kukwamishwa na jambo dogo kama wakati.

Kikao

Kabla hujauza chochote itisha kikao, kwa sababu shamba si lako peke yako. Usilitamke neno kamera. Kamera wanaijua: moja ipo kabatini, nyingine umeining'iniza shingoni siku zote. Sema mtambo. Baba mdogo atakohoa, atauliza:

"Mtambo huo unasaga?"

"Hausagi, baba. Unapiga picha."

"Kama huo ulio nao?"

"Huu ni mkubwa zaidi, baba."

Utamwonyesha kwenye simu. Ataisogeza mbali na macho, ataileta karibu. "Mbona ni mdogo kuliko redio yangu?"

Hapo nyamaza, agiza chai iongezwe. Na tafadhali usijitie kusema kwamba hii ni teknolojia mpya, kwa sababu mzee ana albamu na ataileta. Ndani yake yumo yeye siku ya ndoa yake, picha ya mraba, nyeusi na nyeupe, kingo zake zimekatwa menomeno. Hiyo ni midiamu fomati. Filamu ya 120 Kodak waliianza mwaka 1901, na studio nyingi za Afrika Mashariki za enzi za babu zetu ziliishi kwa filamu hiyo, ndani ya Rolleiflex, Yashica Mat na ndugu zao, zile kamera za macho mawili ambazo mpiga picha alizishika tumboni akachungulia kwa juu kama anayetafuta shilingi iliyoangukia kisimani. Filamu moja ilitoa picha 12. Kila negativu ilikuwa na milimita 56 kwa 56, yaani eneo la milimita za mraba 3,136. Kihisi chako cha magunia 42 kina 1,452. Kwa hiyo unauza mchele wa familia ili upate chini ya nusu ya alichokuwa nacho mpiga picha wa mtaani aliyekuja na baiskeli. Mzee hatapiga hesabu hii, ila wewe utaijua, na itakusumbua usiku.

Na hata huyo wa baiskeli hakuwa wa kwanza. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari wa Kijerumani, Friedrich Fülleborn, alizunguka nchi za Ziwa Nyasa akipiga picha, kisha mwaka 1906 akatoa kitabu kikubwa juu ya eneo la Nyasa na Ruvuma. Enzi hizo walipigia vioo, vipana kuliko kihisi chochote utakachouziwa leo. Gharama yake ya usafirishaji ilikuwa shingo za wapagazi. Yako itakuwa shingo ya baba mdogo.

Kuitunza

Umeinunua. Sasa iokoe na Kyela.

Mvua zetu huanza Novemba na hazina adabu mpaka Mei. Nguo kabatini hupata madoa, mikanda huota ukungu, na lenzi nayo ni kabati dogo la vioo: fangasi wataingia, watajenga utando mweupe ndani ya lenzi ya milioni saba, na kila bi harusi utakayempiga ataonekana amesimama nyuma ya chandarua. Dawa ni boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana na vipakiti vya silika ndani yake, ambavyo ni bei rahisi, kwa hiyo hutavinunua. Utafanya kama kila mtu anavyofanya simu yake ikilowa: utaizika kamera ndani ya mchele. Usifanye hivyo. Pumba ni vumbi, vumbi linaingia kwenye kihisi, na mchele wa Kyela utaunusa kila ukichungulia, ukumbuke ulivyokuwa na magunia.

Usibadilishe lenzi ufukweni ule msimu wadudu wa ziwani wanapopaa kutoka majini kama moshi wa treni. Na ukipanda MV Mbeya II kupiga milima kutokea majini, vaa mkanda shingoni na uushike, kwani ziwa hili lina kina cha karibu mita 700 na dhamana ya dukani haifiki huko.

Kuipatia kazi

Sasa mtambo upo, lazima ufanye kazi. Anzia mahali pazuri. Nenda Matema, ambako jua huchelewa kwa sababu lazima kwanza liipande Milima ya Livingstone, kisha utembee ufukweni hadi Lyulilo kwenye soko la vyungu. Vyungu vile hufinyangwa na kina mama wa Kikisi huko Ikombe, ng'ambo ya pembe ya ziwa, huvushwa kwa mitumbwi na kupangwa mchangani vikiwa bado na nyasi za kuvikinga visigongane. Msalimie mama mmoja mtu mzima kwa heshima, omba ruhusa, nunua chungu kwanza. Halafu mpige kwa karibu.

Hapo ndipo utakapoona pesa zako zilikokwenda. Ikuze picha kwenye kompyuta. Udongo uliokaukia kwenye mikunjo ya vidole vyake utauhesabu chembe kwa chembe. Utaona uzi mmoja uliochomoka kwenye kilemba, kovu dogo la moto kwenye kifundo cha mkono, na ndani ya mboni ya jicho lake utajiona wewe mwenyewe umeinama, na nyuma yako mtumbwi, na ndani ya mtumbwi mtu amekaa. Sitanii, megapikseli 102 zinafika huko. Kwa dakika kumi utaamini kwamba magunia 65 hayakuwa mengi.

Kisha utarudi kumwonyesha mwenyewe. Ataitazama, atakurudishia.

"Mwanangu, mbona umenizeesha?"

Mjukuu wake atampiga palepale kwa simu yenye programu ya kulainisha ngozi, naye atachagua hiyo, atakuomba umsafishie mbili.

Simu ni adui utakayekutana naye kila mahali. Utasimama kanisani kwenye kipaimara, begi mgongoni, stendi ya miguu mitatu mbele yako, na kijana atakuuliza mtambo wako una megapikseli ngapi. Utasema 102 kwa sauti ya mtu aliyesoma. Atakwambia yake ina 200. Na kweli anayo: Samsung Galaxy S23 Ultra ya mwaka 2023 inazo 200, Redmi Note 13 Pro nayo inazo 200. Utaanza kumweleza kwamba kinachohesabika ni ukubwa wa kihisi, kwamba chake kinaingia kwenye ukucha, kwamba vivuli vyake vina chembechembe na vyako vina rangi. Utakuwa unasema kweli tupu. Wakati unaendelea kusema, yeye atakuwa ameshatuma picha kwenye kundi la familia na shangazi aliyeko Mbeya ameshajibu "hongereni".

Zako hazitafika leo. Picha moja ghafi ya megapikseli 102 isiyobanwa ina uzito wa megabaiti 200 hivi. Harusi ya picha 1,500, na harusi ya Kyela haijawahi kuwa na picha chache, itakula gigabaiti 300. Kompyuta yako ya studio, ile inayofungua paspoti saizi huku ikiunguruma, itafungua ya kwanza, itafikiri, itazima. Utanunua kompyuta nyingine na diski mbili za kuhifadhia, gharama ambazo muuzaji hakuzitaja kwa sababu hukumuuliza. Halafu umeme utakatika. Ukirudi utakuta Luku imekwisha. Ukimaliza yote hayo mwenyekiti wa kamati ya harusi atapiga simu: "Kaka, zirushe basi WhatsApp, watu wanazisubiri." Utazirusha. Katika utumaji wa kawaida WhatsApp itaikamua kila moja mpaka ibaki na megapikseli 2 au chini yake. Magunia 42 yamepita kwenye tundu la sindano, na upande wa pili imetoka picha inayolingana na ya simu ya mwaka 2008. Kamati italipa nusu, iliyobaki baada ya fungate.

Mwenye duka naye halali

Kuna kitu kimoja ambacho mnunuzi wa midiamu fomati haambiwi, nacho ndicho kikubwa kuliko vyote. Mwaka 2019 Fujifilm walitoa GFX 100 ya megapikseli 102 kwa dola 9,999. Februari 2021 wakatoa GFX100S, megapikseli zilezile, dola 5,999. Aliyenunua ile ya kwanza akaifungia kabatini bila kuigusa alipoteza dola 4,000 akiwa amelala. Kwa hesabu yetu hizo ni milioni kumi. Iliyofuata mwaka 2024 ikaja na dola 4,999 nilizokutajia, na mwaka 2025 ikatoka GFX100RF yenye lenzi yake kabisa, dola 4,899: yaani bodi na jicho kwa bei iliyo chini ya bodi tupu ya mwaka mmoja kabla. Kabla ya hao Pentax 645Z ya mwaka 2014 ilianza na dola 8,499 kwa megapikseli 51, nusu ya za leo. Mtu mwenye subira angeweza kukaa tu barazani na kuwa tajiri kwa kutonunua.

Wasioshusha bei wameondoka, na wengine waliondoka hata baada ya kushusha. Contax ilikufa mwaka 2005 Kyocera walipoachana na kamera. Mamiya ilimezwa na Phase One mwaka 2015, na Phase One wenyewe siku hizi huwafuata zaidi wapima ardhi wa angani na makumbusho yanayonakili nyaraka kuliko wapiga harusi. Pentax hiyo niliyoitaja haina mrithi. Hasselblad, ambao kamera zao zilikanyaga mwezini na Apollo 11 mwaka 1969, walisimamisha mtindo wao wa zamani mwaka 2013, na sasa wako chini ya DJI ya Shenzhen, hao hao watengeneza droni. Na jambo linalonichekesha kuliko yote: Fujifilm, Hasselblad na Phase One wote hununua vihisi kwa Sony. Sony mwenyewe hatengenezi kamera ya midiamu fomati. Anauza moyo, mwili hautaki. Litafakari hilo kabla hujalifungua gunia la kwanza.

Kwa hiyo kesho ya mitambo hii naiona hivi: bei itaendelea kuteremka, kampuni zitabaki chache, na kamera zilizotumika zitajaa. Tayari GFX 50S iliyoanza na dola 6,499 mwaka 2017 inapatikana mtumba kwa chini ya nusu ya hapo, na picha zake hazijazeeka hata siku moja. Ukitaka kufilisika kwa awamu, anza na hiyo.

Kabla hujatoa pesa, jiulize nani atakayeiona kazi yako kwa ukubwa wake. Megapikseli 102 zikisafishwa kwa nukta 300 kwa inchi hutoa picha ya sentimita 99 kwa 74, ambayo mtu anaweza kuigusa kwa pua na bado ikawa kali. Hapa kwetu picha za ukubwa huo na zaidi huwa za wagombea, kwenye mabango, na bango hutazamwa kutoka upande wa pili wa barabara na mtu aliyeko kwenye bodaboda. Nusu ya mabango hayo yamepigwa kwa simu, na wamechaguliwa vilevile.

Mtu wa kawaida picha yake kubwa kuliko zote ni ile inayotangulia jeneza. Nimezisafisha nyingi, na kazi huja hivi: vijana wawili wa msiba wanaingia studio saa mbili asubuhi, wananipa simu, ndani yake kuna picha ya harusi ya mtu mwingine, watu kumi na wanne wamesimama, marehemu ni wa nne kutoka kushoto. Namkata pale, nampanua hadi A4, namwekea wingu nyuma. Bega la jirani linabaki, halitoki hata ufanyeje. Sura imekuwa ukungu. Watu wanalizunguka jeneza picha hiyo ikiwa mbele, na hakuna anayesema kitu kwa sababu ndiyo pekee iliyopatikana.

A4 safi inahitaji megapikseli 9 hivi. Karibu kila kamera iliyoko Kyela leo, na huenda hata hiyo simu yako, inazo na kubakiza. Basi magunia yako yaache ghalani kwanza, na kama mama yako au baba yako hana picha yake ya peke yake iliyosafishwa kwenye karatasi, mlete studio yoyote iliyo karibu kabla mavuno hayajaisha.